Jifunze: Herufi Chache Zinazookoa Maisha Baharini

Kakamega haina bahari, lakini kijana wa Malava, Shinyalu au Butere anaweza kuwa baharia. Akienda kusomea kazi hiyo Mombasa, atagundua kwamba mabaharia wana lugha yao ya kuitana. Leo tuangalie sehemu yake moja: misimbo ya teleksi ya redio.

Kabla ya setilaiti kuenea, meli iliyokuwa mbali ilituma maandishi kwa mawimbi ya redio hadi kituo cha pwani. Mitambo ikishatambuana, kituo huandika GA+?, yaani "endelea, unataka nini?" Opereta wa meli hujibu kwa msimbo mmoja:

• DIRTLX, ikifuatwa na namba: niunganishe moja kwa moja na mwenye teleksi hii.
• WX+: nipe taarifa ya hali ya hewa.
• NAV+: nipe maonyo kuhusu hatari za njiani.
• MSG+: nipe ujumbe wangu uliohifadhiwa.
• HELP+: nionyeshe huduma zilizopo.
• MED+: natuma ujumbe wa dharura ya matibabu.
• URG+: nina dharura, namtaka opereta sasa hivi.

Ujumbe ukiisha, huandikwa KKKK. BRK+ hukata mawasiliano.

Kwa nini herufi chache hivyo? Kwanza, mawimbi ya redio hukatikakatika, na neno fupi hufika upesi. Pili, Mkenya na Mjapani huelewana bila mkalimani. Tatu, jambo la dharura halipangi foleni: URG+ inaweza kuliza king'ora kituoni. Ndiyo maana ni marufuku kuitumia bila dharura ya kweli.

Somo hili linatufaa hata sisi wa nchi kavu. Mtu akisombwa na Mto Nzoia, au nyumba ikishika moto, piga 999 au 112, na useme kwa mpangilio:

1. Uko wapi: kijiji, na shule, kanisa, msikiti au soko lililo karibu.
2. Kumetokea nini.
3. Ni watu wangapi walio hatarini.
4. Msaada gani unahitajika.

Usikate simu kabla ya kuambiwa. Wafundishe watoto mpangilio huu, na uwakanye kupiga namba hizo kwa mchezo. Simu ya mzaha inaweza kumzuia jirani aliye hatarini asisikike.