Milima ya Udzungwa na Maji Yake

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara, akiisha kupita Kidatu, huona mkono wake wa kulia ukuta mrefu wa milima wenye msitu tangu chini hata juu. Hiyo ndiyo Milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake, Luhombero, chapita meta 2,500. Mwaka 1992 sehemu yake ya kilometa mraba 1,990 ilifanywa Hifadhi ya Taifa.

Twapenda wasomaji wetu wafahamu jinsi mvua ipatikanavyo huko. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huchukua mvuke. Zikifika kwenye ukuta huu hazina njia ila kupanda, na hewa ipandayo hupoa. Ndipo mvuke ugeukapo kuwa ukungu na mvua. Kwa hiyo upande wa mashariki una msitu mnene, hali upande wa Iringa ni mkavu zaidi. Ukungu hunasa majanini na kudondoka. Udongo uliojaa majani yaliyooza huyanywa maji hayo, kisha huyaachilia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Mto Sanje, kwa mfano, huporomoka meta 170 kabla ya kuingia bonde la Kilombero, penye mashamba ya mpunga na miwa.

Msitu huu ni wa kale sana. Nchi za jirani zilipokauka zamani, hapa ukungu haukukoma, na kwa sababu hiyo wamesalia wanyama wasiopatikana po pote pengine duniani. Mmoja ni kima aitwaye mangabei wa Sanje, ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1979. Wenyeji walikwisha kumjua, nao walikuwa na jina lake. Lakini hakuna aliyewauliza.

Jambo lililo zito kwa watu wa bondeni ni kuni. Kwa miaka mingi wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalum kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, na mzigo ukawaangukia hasa akina mama. Hatusemi kuwa ni jambo jepesi: anyimwaye kuni za mlimani ndiye huyo huyo anywaye maji yake, na chungu hakingoji. Mwenye shamba, lijapokuwa dogo, aweza kupanda mijohoro mpakani mvua zianzapo. Mti huo hukua upesi, na ukikatwa, kisiki chake huchipua tena.