SOMO: CHEMBE NDOGO ZINAZOPIGANA NA VIRUSI

Bila shaka umekwisha kuona kipimo cha malaria. Muuguzi hukutoboa kidole, hutia tone la damu katika kipimo, na baada ya dakika chache mstari mwekundu hutokea. Je, wajua ule wekundu ni nini? Mara nyingi ni dhahabu! Dhahabu ikifanywa chembe ndogo mno haing'ai tena, bali huwa nyekundu.

Chembe za namna hii zatusaidia kupigana na virusi pia. Tazama milimita moja katika rula ya mtoto wa shule. Uigawe mara milioni moja. Kila sehemu ni nanomita moja. Kirusi cha Korona ni nanomita 100 hivi, na chembe ya dhahabu ni 40 hivi. Kazi ya kutengeneza vitu vidogo hivi huitwa nanoteknolojia.

1. Kutambua. Katika kipimo cha Korona, kila chembe ya dhahabu imevikwa kingamwili, yaani askari wa mwili, wanaoshika virusi hivyo tu. Virusi vikiwapo, chembe nyingi hukusanyika mahali pamoja, nasi twaona mstari. Katika vipimo vingi vya Ukimwi, kinachotafutwa ni askari wa mwili wa mgonjwa mwenyewe, nao hukawia kutokea. Kwa hiyo mganga akikuambia urudi kupimwa tena, urudi.

2. Kuzuia. Chanjo za Korona za Pfizer na Moderna ni kama barua iliyofungwa ndani ya matone madogo sana ya mafuta. Bila mafuta, barua ingeharibika njiani. Mwili huisoma, hujifunza kumjua adui, kisha barua huharibika. Wengine walisema kwamba sindano ina chombo cha kumfuatia mtu. Si kweli. Ndani yake mna barua, mafuta, chumvi na sukari.

3. Kuponya. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao hapa Kivu ya Kaskazini. Lakini mtu mmoja aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka wa 1995 alikuwa ametoa damu yake. Katika damu hiyo wataalamu, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walipata askari hodari, wakafanya dawa iitwayo Ebanga. Haina dhahabu wala matone ya mafuta, lakini askari hao nao ni wadogo kuliko virusi, na hushikamana navyo. Wagonjwa waliopewa dawa hii virusi vikiwa bado vichache, karibu 9 katika kila 10 walipona. Virusi vilipokuwa vimekwisha kujaa mwilini, wengi walikufa.

Mwezi wa Julai 2019 msafiri aliyetoka Butembo kwa basi alionekana Goma ana Ebola, naye alikufa. Waliosafiri naye walitafutwa, wakachanjwa. Katika mlipuko ule wagonjwa wa Goma walikuwa 4 tu.

Basi, silaha tunazo, lakini haziwezi kumsaidia mtu aliyejificha nyumbani. Homa ikianza, usingoje. Njoo siku ile ile.

MASWALI
1. Mstari mwekundu wa kipimo hutoka wapi?
2. Mafuta ya chanjo yana kazi gani?
3. Kwa nini imetupasa kuja hospitali mapema?