SOMO LA AFYA KAZINI: MGONGO NA MAGOTI YA MFANYAKAZI



Ukisimama kando ya barabara ya Oruchinga alfajiri utawaona wenzetu wakitoka makazini, jembe begani, kwenda kutafuta leja leja katika mashamba ya ndizi ya Isingiro. Ndivyo ilivyo Nakivale pia, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Wengine hupanda gari kwenda Mbarara kupakia magunia, au kusimama kutwa kwenye sakafu yenye maji ya kiwanda cha maziwa. Jioni utawaona tena, na mtu wa miaka thelathini na tano ananyanyuka kwenye benchi ameshika kiuno kama babu. Ukimwuliza ana nini, atakujibu, "Ni uzee," au, "Ni baridi."

Tumeyasikia majibu hayo mawili mara nyingi mno, na tunayakataa. Asubuhi yenye baridi inaweza kukaza misuli na kuyafanya maumivu yasikike zaidi, lakini baridi haikubebesha mtu gunia. Na miaka thelathini na tano si uzee.

Mgongo unavyobeba

Fanya jaribio hili nyumbani. Ishike ndoo yenye lita kumi za maji karibu na tumbo. Kisha inyooshe mikono mbele ukiwa bado umeishika. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini sasa mgongo unalalamika. Wazee wetu waliouza kahawa wanaikumbuka mizani ya mkono mrefu: kijiwe kidogo kikisogezwa mwisho wa mkono huinua gunia zima. Mwili wako ni mizani hiyo. Misuli inayokuzuia usianguke kifudifudi iko karibu kabisa na uti wa mgongo, na mzigo uko mbali, mikononi. Kwa hiyo misuli hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kupita uzito wa mzigo wenyewe, na nguvu hiyo yote hukandamiza pingili za kiuno na ile mito laini iliyo katikati yake.

Basi kanuni ya kwanza ni kuuweka mzigo karibu na mwili. Mkungu wa matoke usiuokote kwa kuinama na miguu imenyooka. Usogelee, kunja magoti, ukumbatie, ndipo usimame. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Usijipinde kiunoni na mzigo mikononi. Gunia likipangwa juu ya meza au kichanja chenye kimo cha kiuno, nusu ya taabu imekwisha, maana sehemu mbaya zaidi ya kuinua ni kutoka chini hadi magotini. Anayebeba begani abadilishe bega. Anayepalilia asimame wima kila amalizapo mistari miwili, aweke mikono kiunoni na kujipinda nyuma polepole mara tano. Msimamizi atasema unapoteza wakati. Mwambie ahesabu siku ambazo watu hawafiki kazini kwa sababu ya mgongo.

Magoti na vidole vina habari yao. Mwisho wa mfupa umefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe ngumu na laini juu unayoiona kwenye paja la kuku. Gegedu ikichakaa kwa miaka ya kupiga magoti, kupanda milima na mzigo, au kuumia zamani, kiungo huuma ukikitumia na hupata nafuu ukipumzika. Hiyo ni tofauti na ugonjwa unaovimbisha viungo vidogo vya mikono yote miwili na kuviacha vimekakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Huo wa pili una dawa zake maalumu, na ukichelewa huharibu viungo kabisa. Asiambiwe mtu "baridi yabisi" akaridhika na jina. Amwone mganga ampime.

Maumivu yasiyokwisha

Misuli iliyochanika kidogo au kuchoka hupona kwa siku au wiki chache. Lakini wapo wenzetu ambao maumivu yao yamepita miezi mitatu, na kila wakipimwa hawaonekani na jeraha jipya. Huambiwa wanajifanya. Hilo ni kosa kubwa. Mishipa ya fahamu ni kama mbwa wa mlinzi: akiisha kuibiwa mara moja, hubweka hata jani likianguka. Maumivu ni ya kweli, yanasikika kweli, ila kengele imekuwa nyepesi kuliko hatari yenyewe. Kukosa usingizi, deni, hofu, na yale ambayo wengi wetu tuliyaona Kivu kabla ya kuvuka mpaka, yote huifanya kengele hiyo iwe nyepesi zaidi.

Mtu wa namna hii akilala kitandani wiki nzima huzidi kudhoofika, maana misuli isiyotumika hulegea na kiungo hukakamaa. Kutembea kidogo kila siku humfaa kuliko kulala. Aanze kwa robo saa, aongeze taratibu. Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa kiunoni, husaidia misuli iliyokaza. Na ajihadhari na siku ya nafuu. Tunawajua wengi ambao siku wakijisikia vizuri hulima kazi ya siku tatu, kisha hulala siku tatu. Afadhali kiasi kile kile kila siku, siku njema na siku mbaya.

Kuhusu vidonge tutasema wazi. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge vinane kwa saa ishirini na nne, na mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diclofenac na ibuprofen huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mtu aliyeshinda njaa na kiu juani, yaani sisi hasa. Sindano ya diclofenac ya kila Ijumaa ili uweze kubeba Jumatatu si matibabu. Na vile vidonge vya kufungiwa katika karatasi sokoni, visivyo na jina, viacheni. Katika dawa za namna hiyo huweza kuchanganywa prednisolone, ambayo huondoa maumivu upesi, lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu.

Wakati wa kutongoja

Kuna maumivu ambayo hayataki subira. Mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla kikawa cha moto, na homa juu, vile vile. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, na kukonda na kutokwa jasho, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na huku kwetu, nchi ya ng'ombe, yupo adui mwingine: brusela. Hupatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kugusa damu na kondo la ng'ombe aliyeharibu mimba, nayo huleta homa ya kuja na kwenda, jasho, na maumivu ya viungo na kiuno. Mchungaji, mkamuaji na mchinjaji wakiumwa hivyo wamwambie mganga kazi yao, ili apime damu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Kikishindwa kitakutuma Rwekubo au Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako wako wataalamu wa mifupa na wa mazoezi ya viungo.

Jembe na sheria

Lakini kujinyoosha hakutoshi ikiwa gunia lina kilo 100. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55, na kwamba mzigo wa mwanamke uwe chini ya hapo. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili. Huko Kalifonia, Marekani, vibarua wa mashambani walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi, wakashinda wameinama tangu asubuhi. Walileta madaktari, wakaeleza migongo yao mbele ya serikali na mahakama, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Mpini mrefu ulifanya kazi ile ile.

Karibu zaidi na sisi, mamia ya wachumaji chai wa Kericho, Kenya, waliishitaki James Finlay (Kenya) Ltd huko Scotland, ambako kampuni ilikuwa imeandikishwa, wakidai kwamba mizigo na mazingira ya kazi viliwaharibu migongo na viungo. Kampuni ilikana. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Edinburgh iliisimamisha kesi, ikisema wadai wafuate kwanza njia ya fidia iliyomo katika sheria ya Kenya.

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Aliyeumia kazini hulipwa fidia bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, na kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua asiwekwe katika hali ya kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Ugumu uko katika ushahidi. Ajali ya siku moja ina mashahidi, lakini mgongo ulioharibika kwa miaka kumi hauna. Mwenzetu mmoja aliteleza na gunia ghalani, akaona haya kusema, akanunua vidonge. Wiki ya tatu hakuweza kusimama. Alipokwenda kwa mwajiri aliulizwa: "Uliumia lini? Nani alikuona?" Hakuwa na karatasi hata moja.

Kwa hiyo nunua daftari la kurasa arobaini na nane. Andika tarehe, mzigo ulikuwa kiasi gani, ulianza kuumwa wapi, nani alikuwapo. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, mbele ya mtu. Kliniki wakikuandikia, hakikisha wameandika kwamba uliumia kazini, wala usiiache karatasi hiyo kwa mwajiri bila kubaki na nakala.

Ya kujadili katika mkutano wa tawi: Gunia zito kuliko yote mahali pako pa kazi lina kilo ngapi, na nani amewahi kulipima? Mipini ya majembe mnayopewa ina urefu gani? Katika mwaka uliopita, ni wangapi waliacha kazi kwa ajili ya mgongo au magoti, na majina yao yameandikwa wapi?