ELIMU YA NYOTA: JIRANI ASIYE JIRANI

Mtu akaaye Kikoneni, katika nchi ya Kwale, anayo bahati ambayo watu wa Ulaya hawanayo. Katikati ya mwezi wa Desemba, usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, yapata saa mbili, na asimame mahali penye giza, aelekee kusini, upande wa Vanga. Anyoshe mikono, apange ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kuanzia ukingo wa mbingu. Hapo ataona doa jeupe, mfano wa wingu lisilosukumwa na upepo.

Hilo si wingu la mvua. Ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mamia ya mamilioni ya nyota, jirani wa galaksi yetu wenyewe. Huitwa Wingu Dogo la Magellan, kwa jina la baharia Mreno aliyeanza safari yake kuu mwaka 1519.

Kuume kwa wingu hilo ipo nyota yenye ukungu. Ukiitazama kwa darubini utaona kwamba si nyota moja, bali ni kishada cha duara, chenye mamia ya maelfu ya nyota zilizosongamana kama nyuki mzingani. Kishada hicho huitwa 47 Tucanae. Juu yake kidogo kipo cha pili, hafifu mno, kiitwacho NGC 121. Mwingereza John Herschel alikigundua mwaka 1835 alipokuwa akitazama nyota kule Afrika Kusini.

Je, vishada hivi viwili ni majirani? Macho husema ndiyo. Lakini fikiri umesimama shambani usiku, ukaona taa mbili. Moja ni kibatari cha nyumba ya pili. Nyingine ni karabai iliyo ng'ambo ya bonde. Nuru zake zaweza kuonekana sawa. Hutajua umbali wake mpaka ujue kwanza kila moja ni taa ya namna gani.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Bibi Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani. Alichunguza picha za Wingu Dogo, akaona nyota ambazo nuru yake huzidi na kupungua kwa kipindi maalumu. Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za namna hiyo: kadiri kipindi kilivyo kirefu, ndivyo nyota ilivyo na nuru nyingi. Basi kipindi hutujulisha kama tunatazama kibatari au karabai, na udhaifu wa nuru itufikiayo hutujulisha umbali.

Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, kutoka 47 Tucanae, iliyo katika galaksi yetu, husafiri miaka 15,000 hivi. Kutoka NGC 121, iliyo katika Wingu Dogo, husafiri yapata miaka 200,000. Nuru ya NGC 121 ifikayo leo iliondoka huko kabla binadamu hajalima shamba lolote duniani. Na kishada chenyewe kina umri wa zaidi ya miaka milioni elfu kumi, yaani zaidi ya mara mbili ya umri wa jua letu.

Kwa hiyo, msomaji, utazamapo mbingu usiamini macho peke yake. Vitu vionekanavyo bega kwa bega vyaweza kutengwa na safari kubwa. Macho huanza kazi. Kipimo ndicho kiimalizacho.