Kusoma Alama Iliyo Chini ya Bakuli la Kale

Mkazi wa Mshangano aliyerithi bakuli jeupe lenye nakshi za buluu anaweza kufikiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu na haraka nyingi. Jirani yake naye anaweza kuuziwa bakuli la namna hiyohiyo, akihakikishiwa kuwa ni la Kichina na lina miaka mia tatu. Wote wawili wanahitaji kujua jambo moja: limetengenezwa wapi, na lini? Uchunguzi huanzia kitakoni.

Si ajabu kukuta chombo cha ng'ambo huku bara. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa, na mwaka 1898 Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho. Kauri ya China ilifika pwani mapema zaidi, na vigae vyake vimo katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Hata hivyo, kwa maoni yetu, bakuli la bibi lililotumika mezani huelekea zaidi kuwa la kiwanda cha Ulaya. Miongoni mwa viwanda vilivyouza bidhaa zake Afrika Mashariki ni viwili vya Maastricht, Uholanzi: Société Céramique, na kile cha Petrus Regout, ambacho alama yake mashuhuri ni simba aliyelala mwenye kichwa cha mtu.

Tazama kwanza kama pana jina la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zioneshe zilikotoka, na kuanzia mwaka 1891 viwanda vingi vya Ulaya vilichapa jina hilo. Basi neno "England" au "Germany" kwa kawaida huonesha kuwa chombo ni cha wakati huo au baadaye. "Made in England" huwa ni la karne ya 20. Anayekuuzia chombo chenye maneno hayo kwa bei ya miaka mia tatu hasemi kweli. Lakini kukosekana kwa jina hakuthibitishi ukale, kwani vyombo vingi havikupigwa alama yoyote.

Vyombo vya Uingereza huweza pia kuwa na umbo la msambamba lenye herufi na tarakimu pembeni, lililotumika kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 zilifuata herufi "Rd No" na namba. Tarehe hiyo ni ya kusajiliwa kwa mchoro. Chombo chenyewe kinaweza kuwa kilitengenezwa miaka mingi baadaye.

Alama za Kichina zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mara nyingi ni herufi sita katika safu mbili, husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa kuanzia safu ya kulia, na hutaja nasaba na mfalme. Wafinyanzi wa zama za Kangxi (1662–1722) waliandika majina ya Xuande na Chenghua, wafalme wa karne ya 15, mara nyingi kwa kuwaenzi waliotangulia. Waigaji wa leo huandika hayohayo kwa ajili ya soko.

Pitisha kidole juu ya alama. Iliyo chini ya utando wa kioo huwa laini kabisa. Ukigusa sehemu iliyofifia na kukwaruza, huenda alama ya awali imesagwa ili kuficha asili. Usikisugue kitako kwa mchanga wala kwa waya wa sufuria.

Mnunuzi, mtake muuzaji aandike kwenye risiti yale anayoyasema kwa mdomo: nchi, kiwanda na umri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako. Akikataa kuandika, usilipe.

Nawe uliyerithi, usiuze siku ileile. Piga picha za chombo na kitako chake, omba bei kwa mnunuzi wa pili, na uliza ushauri kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini Songea. Ukiambiwa kuwa chombo kimechimbuliwa magofuni, usikinunue: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimbua bila kibali.