Unakwenda Kufanya Kazi Nje? Anza Kutafuta Msaada Ukiwa Chamwino

Zamani, familia ya Chamwino, mkoani Dodoma, iliyopoteza mawasiliano na binti yao aliyekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni ililazimika kufunga safari hadi Dar es Salaam, zilikokuwa wizara. Leo ofisi hizo ziko jirani. Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa Aprili 2019, uko kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, na anayetoka Buigiri au Chamwino Ikulu kwenda Dodoma mjini anaupita njiani. Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki iko hapo. Ndiyo wizara inayosimamia balozi zetu zote.

Ukaribu huo hautasaidia kitu ikiwa familia haijui ndugu yao yuko mji gani, kwa mwajiri yupi, na alipelekwa na nani. Maofisa wa ubalozi hawawezi kumtafuta mtu katika jiji zima kwa jina la kwanza tu. Kwa hiyo anayetaka kusaidiwa ugenini aanze kujiandaa angali nyumbani. Makala haya yanaeleza namna ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua, kwa anayeondoka na kwa wanaobaki.

Kwa nini tahadhari hii

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wafanyakazi 50. Karibu wote walisema waajiri waliwanyang'anya pasi za kusafiria. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku, walionyimwa siku ya mapumziko, na waliolipwa pungufu au kutolipwa kabisa.

Wapo pia waliokwenda, wakafanya kazi kwa amani, wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Kwa hiyo hoja si kuwakataza vijana kusafiri. Hoja ni kwamba katika nchi nyingi za Ghuba ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri anayemdhamini, utaratibu unaoitwa kafala. Ukigombana na mwajiri, unaweza kupoteza kazi, makazi na uhalali wa kukaa nchini kwa siku moja. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji kujua mapema atamkimbilia nani.

Kabla ya kuondoka

Kwanza, mjue anayekupeleka. Mtu au kampuni inayotafutia watu kazi nje ya nchi lazima iwe na kibali cha serikali, chini ya Sheria ya Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Ofisi ya serikali ya huduma za ajira, iliyoanzishwa 2008 kama wakala kwa jina la TaESA, ndiyo ya kuuliza. Dalali aliyekutana nawe mnadani, au shangazi wa rafiki anayesema ana "koneksheni" Muscat, mwombe jina la kampuni na namba ya kibali, kisha ukaulize. Akikasirika kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu.

Pili, soma viza yako. Viza ya matembezi haikupi haki ya kufanya kazi. Anayekwambia "ingia kwa viza ya matembezi, tutabadilisha hukohuko" anakuweka mahali ambapo ukidai mshahara wako unaweza kuulizwa unafanya nini nchini. Vivyo hivyo anayekupitisha nchi jirani kwa gari ili usikutane na maofisa wa Uhamiaji wa Tanzania: anachokwepa ni maswali ambayo yangekulinda.

Tatu, pata mkataba kabla ya kupanda ndege, kwa lugha unayoielewa. Uonyeshe mshahara na fedha utakayolipwa, saa za kazi, siku ya mapumziko, muda wa mkataba, na nani analipa nauli ya kurudi. Kwa njia rasmi, mkataba wa mfanyakazi wa ndani huthibitishwa na ubalozi wetu katika nchi anayokwenda. Aliyepita njia ya panya mara nyingi ubalozi hauna habari kwamba yupo.

Nne, zijue sheria za unakokwenda, maana hazifanani. Falme za Kiarabu zina sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2022: siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kila siku ambazo 8 kati yake ni mfululizo, na mfanyakazi abaki na hati zake mwenyewe. Sheria hiyo pia inakataza wakala kumtoza mfanyakazi. Qatar, kwa sheria ya 2017, saa za kazi za ndani zisizidi 10 kwa siku, na likizo ya mwaka ni wiki tatu zenye malipo. Kuijua sheria hakumzuii mwajiri mbaya, lakini kunakuwezesha kueleza kosa lake kwa ufasaha mbele ya polisi au ofisa wa kazi.

Ukurasa wa kuacha nyumbani

Chukua daftari. Andika majina yako matatu kama yalivyo kwenye pasi, namba ya pasi, namba ya NIDA, jina na simu ya wakala, jina na simu ya mwajiri, mji unaokwenda, tarehe ya safari na ndege utakayopanda. Bandika nakala ya pasi, ya viza na ya mkataba. Daftari hilo abaki nalo mtu mmoja anayeaminika na anayejua kusoma: mama, kaka, mwalimu wa kijiji au kiongozi wa dini. Piga picha kila ukurasa, ujitumie kwenye barua pepe yako, ili hata ukinyang'anywa simu uweze kuzifungua kwenye simu ya mtu mwingine.

Kubalianeni pia siku ya kupigiana na neno la siri. Ukilitaja neno hilo katikati ya mazungumzo ya kawaida, nyumbani watajua unazungumza huku unasikilizwa na mambo si shwari.

Siku za kwanza ugenini

Jambo la kwanza ukifika ni kujua uko wapi hasa. Dubai, mlangoni mwa jengo kuna kibao cha Makani chenye tarakimu 10. Tarakimu hizo zinatosha kumfikisha mtu ulipo. Oman, nyumba hutambulika kwa namba ya njia na namba ya nyumba. Saudi Arabia, kila jengo lina namba yake ya anwani. Ziandike, au tuma mahali ulipo kwa WhatsApp siku hiyohiyo, wakati bado una simu na mwajiri bado anakuchekea.

Pili, jitambulishe ubalozini. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait, pamoja na ubalozi mdogo Dubai. Kujiandikisha hakumaanishi una matatizo.

Tatu, tafuta watu. Karibu kila mji mkubwa una jumuiya ya Watanzania, msikiti au kanisa wanakokutana watu wa Afrika Mashariki. Muscat ina faida ya pekee: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanazungumza Kiswahili, na utakisikia hospitalini, dukani na ofisini. Waombe wakutafsirie na wakuelekeze, lakini pasi na fedha zako usimkabidhi mtu kwa sababu tu mnaelewana lugha.

Mambo yakiharibika

Uhai ukiwa hatarini, umepigwa au umebakwa, usingoje ushauri wa mtu. Piga polisi: Oman ni 9999, Falme za Kiarabu na Qatar 999, Kuwait 112, Saudi Arabia 911 au 999.

Ikiwa tatizo ni mshahara, chakula au kufungiwa, wasiliana na ubalozi kabla ya kuondoka kwa mwajiri, kwa sababu anaweza kukuripoti kuwa umetoroka ukageuzwa mshitakiwa. Ujumbe wako uwe mfupi na uliojaa taarifa, kwa mfano:

"Naitwa (majina matatu), pasi namba (…). Kwetu ni Handali, Chamwino. Niko Seeb, Oman, njia namba (…), nyumba namba (…), kwa (jina la mwajiri), simu yake (…). Sijalipwa tangu mwezi wa tatu na nafungiwa ndani. Simu hii naishika usiku tu, msinipigie mchana."

Sentensi ya mwisho isiachwe. Simu ya ubalozi ikiita mchana mkononi mwa mwajiri, unaweza kupoteza simu na kupigwa juu yake.

Ukikamatwa, tamka kwamba unataka ubalozi wako ujulishwe. Ni haki iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi. Na ukikosa pasi, ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani.

Familia iliyobaki

Mawasiliano yakikatika, msikae mkisubiri. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji mpate barua ya utambulisho, kisha mwende Wizara ya Mambo ya Nje, Mtumba, na lile daftari, picha za ujumbe wa mwisho mlioupokea, na jina la wakala. Ulizeni jina la ofisa aliyewapokea na namba ya kumbukumbu ya shauri, andikeni tarehe, na mrudi kufuatilia.

Wakala akidai fedha nyingine ili "amrudishe", msitoe. Mripotini polisi. Kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili atumikishwe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto la kupokea malalamiko ya namna hii.

Wanaokwenda Ulaya na Marekani

Huko msaada umeenea zaidi, ila lazima uutafute mwenyewe. Uingereza kuna Citizens Advice, iliyoanzishwa 1939, inayotoa ushauri bure kuhusu kodi ya nyumba, madeni, kazi na uhamiaji. Na London shirika la Kalayaan limekuwa likiwasaidia wafanyakazi wa ndani kutoka nje tangu 1987. Marekani, piga 211 uelekezwe kwenye chakula, malazi au mwanasheria. Dharura ni 911. Ulaya dharura ni 112, na Uingereza 999 pia hufanya kazi. Wanafunzi waanzie ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwao.

Aliyerudi mikono mitupu

Aliyerudi bila fedha, au na jeraha la moyo, apokelewe bila maswali ya "umeleta nini". Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yupo kwa ajili yake. Asiyelala usiku au anayeshtukashtuka apelekwe hospitali. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapa Dodoma, na kutibiwa huko si aibu. Anayetaka kudai haki yake anaweza kupata mwanasheria bila malipo kupitia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tahadhari kabla ya hatari. Kijana anayeahidiwa kazi nje mwezi Februari, ghala la mtama likiwa tupu, ana kila sababu ya kukubali haraka. Mzazi, mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, shehe: kabla hujambariki aondoke, mwombe akuonyeshe mkataba, kisha kaa naye mwandike daftari.