Jigso Ipi Ununue? Maswali Kabla ya Kulipa

Simama na mtu yeyote mbele ya rafu ya mashine, Kariakoo au Gikomba, swali lake la kwanza ni lilelile: "Hii wati ngapi?" Muuzaji anataja namba, mteja anatikisa kichwa kama aliyeelewa, boksi linafungwa kamba. Wiki mbili baadaye mashine imewekwa juu ya kabati na kazi inamaliziwa kwa msumeno wa mkono.

Maswali yanayofuata ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na watu wanaokarabati nyumba, na pia na vijana wanaoanza useremala.

Jigso ni mashine gani hasa?

Ni msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Na kweli ilitoka kwenye cherehani. Mwaka 1946 mhandisi wa Uswisi, Albert Kaufmann, alichomoa sindano ya cherehani ya mkewe, akafunga bledi ya msumeno mahali pake, akaona inakata. Kampuni yake, Scintilla ya mji wa Solothurn, ilianza kuuza mashine za aina hiyo mwaka uliofuata kwa jina la Lesto. Miaka ya 1950 Scintilla ikaingia mikononi mwa Bosch.

Msumeno wa duara unataka mstari ulionyooka. Jigso inakwenda mahali msumeno wa duara haufiki: tundu la sinki, nafasi ya bomba nyuma ya kabati, ubao wa sakafu unaopaswa kuzunguka fremu ya mlango, mapindo ya kichwa cha kitanda.

Ila kuna jambo la kushika hapa. Bledi ya jigso imeshikwa juu tu, chini inaning'inia. Kwa hiyo inapokutana na mbao ngumu au kona kali, ncha ya chini inatafuta njia yake yenyewe. Niliwahi kukata tundu la sinki kwenye ubao wa mninga wa milimita 40 kwa jigso ya bei ya kutupa. Juu mstari ulikuwa unapendeza kama umechorwa. Nilipougeuza ubao, chini bledi ilikuwa imetembea karibu milimita 8 kuelekea ndani, sinki likagoma kuingia. Nilikesha na patasi na tupa nikipunguza mninga, na anayeujua mninga anajua ulikuwa usiku wa namna gani.

Kwa hiyo unaponunua jigso, unanunua namna inavyoishika ile ncha moja.

Dukani nitaijaribuje?

Usikubali kuuziwa ikiwa ndani ya boksi. Mwombe muuzaji afunge bledi, mashine ikiwa haijachomekwa. Shika ncha ya chini ya bledi kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia. Bledi yenyewe itapinda kidogo, hilo ni la kawaida kwa chuma chembamba. Angalia juu, pale inapofungwa. Mhimili unaoibeba ukicheza, au ukisikia unagonga ndani ya mashine, irudishe kwenye boksi. Mchezo huo hauishi. Unaongezeka kadiri unavyokata.

Nyuma ya bledi, karibu na bamba la chini, kuna kigurudumu chenye mfereji katikati. Kazi yake ni kuuegemeza mgongo wa bledi usirudi nyuma ukisukuma mashine. Kizungushe kwa kidole. Kinatakiwa kizunguke bila kukwama na kiuguse mgongo wa bledi kidogo tu. Mashine duni nyingi hukosea hapa: kigurudumu kiko mbali na bledi, au mfereji wake ni mpana mno, bledi inaogelea.

Sasa bamba la chini lenyewe, lile linaloteleza juu ya ubao. Yapo ya bati lililokunjwa na yapo ya alumini au magnesi iliyosubiwa. La bati likianguka mara moja kutoka mezani linapinda, na tangu siku hiyo kila mkato unakuwa wa mshazari. Nenda dukani na skwea ndogo mfukoni. Isimamishe kati ya bamba na ubavu wa bledi uone kama nyuzi 90 ni 90 kweli. Kisha legeza bamba, lilaze hadi nyuzi 45, lirudishe, upime tena. Bamba likirudi sawasawa bila kubembelezwa, uko kwenye mashine nzuri. Muuzaji atakukodolea macho. Mwache.

Mwisho, washa. Ishike kwa nusu dakika bila kukata kitu. Mkono ukifa ganzi kwa nusu dakika, utakuwaje baada ya kabati zima? Bonyeza swichi polepole uone kama kasi inapanda taratibu au inaruka ghafla.

Na bledi ibadilishwe kwa mkono, bila kutafuta alenki. Alenki ndiyo kitu cha kwanza kupotea kwenye kazi yoyote.

Namba za kwenye boksi zinasema nini?

Wati zinasema mashine inavuta umeme kiasi gani. Kwa nyumbani, kuanzia wati 450 kunatosha; fundi wa kila siku atafute 650 kwenda juu. Namba ninayoiangalia zaidi ni urefu wa mwendo wa bledi, yaani inapanda na kushuka milimita ngapi. Chukua mashine mbili za Makita: 4329 ina wati 450 na mwendo wa milimita 18, 4350 ina wati 720 na mwendo wa milimita 26. Milimita hizo nane zaidi zina kazi. Meno mengi zaidi yanashiriki kukata, unga wa mbao unatolewa nje ya mkato badala ya kurudishwa humo, na bledi haichakai sehemu moja tu.

Kasi iwe ya kurekebishika, kwa kawaida kati ya mizunguko 500 na 3,000 hivi kwa dakika. Mbao inataka kasi, chuma kinataka utaratibu, plastiki ukiikata kwa kasi inayeyuka na kuganda nyuma ya bledi.

Kina cha kukata, "mbao mm 90" na kadhalika, kichukue kama sifa za bibi harusi siku ya posa. Inawezekana, kwa bledi ndefu na mbao laini. Kwenye mninga, mkongo au mvule, mimi sivuki milimita 40 nikitaka upande wa chini ufanane na wa juu.

Ile swichi ya 0, I, II, III ni ya nini?

Ni ya mwendo wa bembea. Kwenye sifuri bledi inapanda na kushuka tu. Ukiongeza namba, inaanza pia kusogea mbele inapopanda, inaung'ata ubao na kwenda haraka. Namba kubwa ni kwa mbao laini na mkato wa kupasua tu. Kwa kona, kwa melamini, kwa bati na chuma, irudishe sifuri. Mashine isiyo na swichi hii inakata, ila utaisukuma sana kwenye ubao mnene, na kusukuma ndiko kunakoipinda bledi.

Mbona ubao wangu unachanika kingo?

Kwa sababu meno ya bledi nyingi yanaangalia juu. Bledi inakata ikipanda, na inapotoka juu ya ubao inang'oa nyuzi. Kwa hiyo chora mstari upande wa nyuma na uulaze ubao upande mzuri ukiwa chini. Hilo peke yake linaokoa mbao nyingi za melamini. Kama lazima ukate upande mzuri ukiwa juu, bandika ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi juu ya mstari, au tumia bledi ya meno yaliyogeuzwa chini. Hiyo ya mwisho itajaribu kuirusha mashine juu, hivyo igandamize.

Hapa niseme wazi: jigso ya kati yenye bledi nzuri inaishinda jigso ya gharama yenye bledi butu. Wengi wanatoa laki kadhaa kwa mashine halafu wanaendelea na ile bledi moja iliyokuja kwenye boksi hadi inatoa moshi.

Angalia mkia wa bledi kwanza. Mashine nyingi za sasa zinatumia mkia wenye umbo la herufi T. Za zamani na baadhi ya rahisi zinatumia U. Haziingiliani. Nunua mashine ya mkia wa T, bledi zake ziko kila mahali. Bosch huandika namba kwenye bledi na watengenezaji wengi wameiga: T101B ni ya mkato safi kwenye mbao, T144D ni ya kukata haraka bila kujali sura, T101BR ni ile ya meno ya kuelekea chini, T119BO ni nyembamba kwa ajili ya mapindo, T118A ni ya bati na chuma chembamba. Ukiona HCS, ni chuma cha kaboni kwa mbao na plastiki. HSS ni kwa metali. BIM ni metali mbili zilizounganishwa: mgongo unaopinda bila kuvunjika, meno magumu. Bei yake ni kubwa, lakini kwa mbao zetu ngumu inajilipa.

Kwa bati jembamba libane kati ya vipande viwili vya plaiwudi uvikate vyote pamoja. Bila hivyo jino moja linalidaka bati na kulikunja.

Ya waya au ya betri?

Kama unafanyia kazi karakana yenye umeme, ya waya. Ni rahisi zaidi kwa bei na haichoki saa nane mchana. Ya betri ina raha yake juu ya ngazi, au kwenye nyumba ambayo bado haijaunganishiwa umeme. Ila usinunue jigso ya betri peke yake. Nunua inayotumia betri za drili uliyonayo tayari. Na usibabaishwe na "20V" dhidi ya "18V". Ndani mna seli tano zilezile za lithiamu, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikitoka tu kwenye chaja kila seli inafika karibu 4, ndipo inapozaliwa ile 20.

Ndugu yangu Marekani ananitumia mashine. Nikubali?

Muulize kwanza inasema volti ngapi kwenye kibandiko. Ikiwa 120, ukiichomeka kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya utasikia mlio mkali, kisha harufu. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za mashine. Ya betri haina shida kubwa, angalia chaja tu. Ya kutoka Dubai kwa kawaida inakubali umeme wetu.

Plagi ni kesi nyingine. Mashine nyingi huja na plagi ya miti miwili ya mviringo, na watu wanachokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili iingie. Acheni. Plagi ya miti mitatu ina fyuzi ndani. Kwa kijiti umeiruka fyuzi hiyo. Badilisha plagi, weka fyuzi inayolingana na mashine. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko, mashine ina kinga maradufu na haihitaji waya wa ardhi, lakini fyuzi inabaki kuwa muhimu.

Nitajuaje si feki?

Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa. Soma kibandiko: maandishi yaliyopinda, namba ya mashine inayofanana kwenye maboksi matatu tofauti, risiti isiyotaja modeli. Dai risiti na waranti yenye mhuri. Uliza kaboni zake zinapatikana wapi. Hizo ni vipande viwili vinavyochakaa ndani ya mota, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha kaboni za mashine anayoiuza anakuuzia takataka ya kesho. Tanzania Bara malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya viwango TBS. Kenya ipo KEBS pamoja na mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi.

Usalama je?

Miwani, na barakoa inayobana. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu miaka ya 1990. Vumbi la mvule lenyewe huwasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya kufika huko. Na ukikarabati nyumba ya zamani ukakuta vigae au dari za asbesto, jigso isiguse hapo kabisa.

Nikikata tundu la sinki nianzie wapi?

Toboa matundu manne kwenye pembe, ndani ya mstari, ya milimita 10 hadi 12 ili bledi ipite. Bledi iwe mpya, bembea iwe sifuri, na usisukume; iache mashine ile kwa mwendo wake. Ukisikia mlio unabadilika kwenye kona, rudi nyuma kidogo uanze tena. Pande tatu zikikatika, simama. Funga fito juu ya tundu kwa skrubu, ishike kipande cha katikati, ndipo umalizie upande wa nne. Bila fito, kile kipande kitaanguka sentimita chache kabla ya mwisho na kuondoka na kingo ya ubao wako.